Daftari la Maji

Saa tisa usiku maji ya mtaa yanakuja,
hayabishi hodi. Yanaanza na upepo ndani ya bomba,
kikohozi, kutu kidogo, kisha yanakubali.
Mimi nimeshaamka. Sikio langu liko chini
kwenye simenti ya chumba cha pampu,
kama mkunga juu ya tumbo la mimba.

Kisima cha chini, lita elfu ishirini.
Simtanki nne juu ya paa, moja ina ufa
niliouziba kwa lami na kipande cha kandambili.
Ghorofa saba, nyumba ishirini na nane,
na luku ya pampu inasoma yuniti tatu.
Piga hesabu. Mimi nimeshapiga.

Yakitoka, hakuna anayekumbuka jina langu.
Yasipotoka, hata watoto wa chekechea wanalijua:
Pazi! Pazi! Pazi!
kutoka kila dirisha, na sabuni machoni.

Ukishika koki za watu miaka kumi na moja
huna haja ya umbea.
Namba tisa, mita ilianza kukimbia mwezi wa Rajabu;
nikajua wamepata mtoto kabla sijaona nepi kambani.
Namba kumi na sita ilishuka nusu.
Bwana Kyaruzi kahama, mkewe bado anasema
yuko safarini Mwanza.
Nikaandika tarakimu. Tarakimu hazina mdomo.
Na yule wa namba tatu, anayefungua bomba saa nane za usiku,
muda mrefu, maji kidogo,
huyo haogi. Analia.

Wiki ile Ruvu ilipochafuka tukaita boza.
Dereva akaapa kwa mama yake: lita elfu kumi.
Nikatumbukiza fimbo yangu yenye alama za msumari.
Elfu nane na mia tano.
"Mengine yamenywewa na jua," akasema.
"Basi kalidai jua," nikamwambia,
nikamlipa ya fimbo.

Jumamosi kamati ilikaa kwenye ngazi,
maana lifti siku hizi ni ukumbi wa panya.
Ajenda moja: namba ishirini na tano, Bi Mwanakheri,
miezi minne hajalipa.
Mwenyekiti akasoma kanuni. Wakapiga kura kwa mikono,
nikaihesabu: kumi na tisa,
yote imenawa.

Nikapanda na spana, ghorofa saba, nikipumzika ya nne.
Mlango ulikuwa wazi. Cherehani kimya.
Mama yake amelala upande mmoja tangu kiharusi,
na shuka zimelowekwa kwenye beseni, povu bado halijafa.
Bi Mwanakheri hakubishana.
Alisogeza kiti tu, nipate kuifikia valvu.

Nikazungusha mpaka mkono ukahisi mwisho.
Kila fundi anajua: baada ya mwisho ule
kuna robo mzunguko nyingine.
Kamati ilisema funga.
Haikusema kaza.

Usiku nikapanda tena, viatu mkononi,
nikatega sikio mlangoni.
Tone.
Tone.
Tone, ndani ya kitu cha plastiki;
halafu sauti ikaanza kuwa nzito,
kama inavyokuwa ndoo inapopata kina.
Ndoo moja hadi alfajiri. Mita haihesabu matone.

Mwisho wa mwezi lita mia sita hazina mwenyewe.
Kwenye safu ya sababu nikaandika: kuvuja.
"Utaziba lini?" akauliza mwenyekiti,
kalamu juu ya sahihi yake.
Nikamwambia natafuta washa ya saizi ile.
Kariakoo nzima nimezunguka.
Hawana.